Mgeni Aliyekosa Karibu

Mtoto alilia, na Mama Kheri akatazama saa ya ukutani.

Hilo ndilo lililomponza. Si kwamba alikosea kitu. Katika wodi ile ya wazazi hapakuwa na mikono iliyoaminika kama yake. Alimpokea mtoto vizuri, akamfuta, akamlaza kifuani kwa mama yake, akabana kitovu na kukikata. Alisubiri kondo la nyuma litoke, akalikagua kuona kama ni zima, akatazama damu, akaridhika. Lakini yule mzazi kitandani, nywele zimemganda usoni kwa jasho, hakuwa na habari na mikono. Alikuwa akimtazama usoni. Alikuwa akingoja.

Wanawake wa mji ule wote walijua alichokuwa akikingoja. Tangu alipokuwa mkunga kijana, Mama Kheri alikuwa na mazoea yake: kichwa cha mtoto kikishachomoza, kabla hajalia, humwambia, "Karibu, mgeni wetu. Umekawia, lakini umefika." Kisha hucheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake, kilisikika mpaka kwenye benchi la nje, na kina baba waliokuwa wakizungukazunguka pale walikisikia wakajua mambo yamekwenda salama. Ndicho kilichompa jina la Mama Kheri. Mwenyewe hakuwahi kuzaa. Aliolewa mapema, mtoto akawa haji, na mume akaondoka na begi lake na maneno machache. Mama Kheri alilia yaliyolilika, kisha akajiambia kwamba kila mtoto atakayepita mikononi mwake ni wake kwa dakika zile. Ikamtosha. Miaka mingi ikamtosha.

Asubuhi hiyo hakumkaribisha mgeni. Alisema tu, "Wa kike. Mzima," akaandika saa kwenye karatasi, akavua glovu.

Na huyu mzazi hakuwa mtu baki. Alikuwa binti wa pekee wa Fundi, yule mwanamume ambaye Mama Kheri alikuwa amekubali kuolewa naye.

Fundi alikuwa kwenye benchi la nje. Alishona suti za wanaume, na alitoka dukani mbiombio simu ilipoita, hivyo futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake kama skafu. Mlango ulipofunguka alisimama. Mama Kheri akampa habari kwa maneno yale yale aliyompa binti: wa kike, mzima, mama naye mzima. Fundi akainua mikono kumshukuru Mungu, midomo ikimcheza. Halafu mikono ikashuka taratibu. Mtu aliyezoea kuona koti limekaa upande kabla mvaaji hajajitazama kwenye kioo hakuweza kuukosa uso ule.

"Na wewe?" aliuliza.

"Mimi niko kazini," alijibu, akarudi ndani.

Fundi akabaki na furaha yake mkononi, hajui aiweke wapi.

Haikuanza siku hiyo. Mama Kheri alipojaribu kukumbuka ilianza lini, alikosa siku ya kuinyooshea kidole. Hakukuwa na msiba, hakukuwa na mtoto aliyefia mikononi mwake akamvunja moyo. Waliokufa walikuwepo, na aliwalilia wote, na kila mara alirudi kazini akiwa na huzuni ya mtu aliye hai. Hili lilikuwa jambo lingine. Kwanza aliacha kuimba anapofunga aproni. Baadaye akaanza kukaa kwenye ukingo wa kitanda chake kila asubuhi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akikitazama kama kitu alichookota njiani. Kisha siku moja akagundua kwamba amezalisha zamu nzima na hakumbuki uso hata wa mzazi mmoja.

Alikwenda kwa matroni. Matroni alikuwa mwanamke mwema mwenye miguu iliyovimba, naye alimwambia kwamba wote wamechoka, kwa hiyo asione yeye peke yake ndiye aliyepewa kibali cha kuchoka. Wakacheka kidogo. Hata hivyo alimpa likizo. Mama Kheri akalala, akala, akalala tena, akarudi kazini akiwa na macho meupe na moyo ule ule. Daktari akampima damu, akakuta damu njema. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akikaa mbali na kuamini kwamba simu ni kwa ajili ya kupaza sauti, alimwambia huo ni umri tu, joto la wanawake, litapita kama lilivyompita yeye. Akamwelekeza na maombi. Mama Kheri akaomba. Aliomba kwa utii, kama mtu anayesimama kwenye foleni ambayo hajui mwisho wake una nini.

Na Fundi naye alijaribu. Walijuana kwa sare. Mama Kheri alimpelekea gauni lake la kazi alipunguze kiunoni, na Fundi, alipompima mabega, alikawia kidogo kuliko inavyotakiwa, akamwambia bega la kushoto limeshuka chini ya mwenzake. Mama Kheri akajibu kwamba ndilo linalobeba mji. Fundi, mjane wa siku nyingi, akacheka mpaka chaki ikamponyoka. Tangu hapo zile sare zikawa na matatizo yasiyokwisha. Wiki hii pindo, wiki ijayo kifungo, hadi majirani wa dukani wakawa wanauliza hospitali hiyo inavaa nguo za karatasi au vipi. Alimwita Bibie. Mama Kheri hakuwahi kuitwa hivyo na mtu, na mara ya kwanza alipolisikia alilazimika kugeuka atazame vitambaa.

Sasa Fundi alimletea visa vya dukani kama mtu anavyomletea mgonjwa matunda. Alimsimulia juu ya mteja aliyeapa kwamba suruali imeshonwa ndogo, huku tumbo lake likiwa limetangulia mezani. Mama Kheri alitabasamu pale palipostahili. Fundi akauona ule ustahili, na ulimuumiza kuliko kama angekaa kimya.

Jumapili iliyofuata baada ya Binti kujifungua, Mama Kheri alialikwa kwa Fundi kumwona mtoto. Nyumba ilikuwa ndogo na safi, cherehani ya zamani imefunikwa kitambaa kwenye kona ya sebule, viti vimesogezwa ukutani ili wageni wapate nafasi. Ila wageni wengine walikwishaondoka. Walibaki Fundi mwenyewe, Binti, mtoto wake, na dada yake Fundi, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi. Mama yake Binti alipofariki, Shangazi ndiye aliyefunga virago kwake, akahamia pale na kumlea yule msichana mpaka akaolewa. Hakuwa mkali wa tabia. Alikuwa tu na mazoea ya kusimama mlangoni mwa watu anaowapenda.

Walisalimiana vizuri. Waliulizana hali. Binti akamkabidhi mtoto, na Mama Kheri akamkalisha mkononi kama alivyokalisha maelfu. Akafunua kanga kidogo akatazama kitovu kama kinakauka. Akamgusa paji la uso. Akavuta kope la chini kuona kama macho yana manjano. Akauliza kama ananyonya pande zote mbili.

"Mama," Binti alisema polepole. Alikwishaanza kumwita hivyo kabla ya ndoa, kwa hiari yake, na lilikuwa limemgharimu. "Hata hapa nyumbani?"

Mama Kheri akainua macho.

"Sikulaumu," Binti aliendelea. Machozi yalikuwa karibu. Mwili wake ulikuwa bado laini kwa kila kitu. "Ulinizalisha vizuri. Mwenzangu wa kitanda cha pili alipasuka mpaka akashonwa, mimi sikupata hata mchubuko. Lakini tangu niko mdogo nasikia habari ya kile unachowaambia watoto. Nilipojua nina mimba, cha kwanza nilifikiria hicho. Siku ile nilikuwa nawasubiri wawili, Mama. Mtoto alikuja."

Hakumalizia. Mtoto akapiga chafya ndogo ambayo siku nyingine ingewachekesha wote.

Mama Kheri alitaka kusema. Maneno yalikuwepo, alikuwa ameyasema mara nyingi kuliko jina lake. Angeweza kuyasema hapo hapo, akainama, akatabasamu, na jambo likaisha. Akamtazama mtoto, midomo yake midogo iliyokuwa ikitafuta hewani. Hakuthubutu kumdanganya kiumbe ambaye alikuwa bado hajadanganywa na mtu. Akamrudisha kwa mama yake, akamwambia Binti amsamehe.

Ndipo Shangazi akaweka kikombe chini. Alianza kwa mbali, kama watu wazima wanavyoanza. Alimshukuru kwa yote. Alisema anajua kazi ya ukunga si lelemama. Akasema kaka yake ameteseka, amezika mke, amekaa miaka akipiga pasi makoti ya harusi za wenzake, na sasa amempata mtu. Na yeye kama dada, aliongeza, alikuwa wa kwanza kufurahi.

"Lakini niwe mkweli, wifi yangu. Mimi sina ugomvi na mikono yako. Mikono yako naishukuru mpaka kesho. Ila kaka yangu haoi mikono. Mtu anaoa moyo. Na ule moyo siku ile mwanetu hakuuona, na leo nimeutafuta tangu umeingia, sijauona."

"Dada," Fundi alisema.

"Niache nimalize. Mtu akiuona uso wa mjukuu wetu, asitabasamu, ndani ya nyumba hii atamtabasamia nani?" Alisita, na kama asingesita pengine asingesema lililofuata. "Lakini ndivyo, waliosema walisema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Binti akafumba macho. Fundi akasimama, akamwambia dada yake kwamba sasa imetosha, na sauti yake, ambayo haikuwa imepanda ndani ya nyumba ile kwa miaka, ikamshtua mtoto akaanza kulia.

Mama Kheri akasikia kilio kile. Alijua kilikuwa cha aina gani: si njaa, si maumivu, ni mshtuko tu, kitapoa. Alijua pia kwamba maneno ya Shangazi yalikuwa yamerushwa yamchome, na kwamba mahali pa kuchomwa palikuwa pale pale pa zamani. Akangoja uchungu ufike. Akangoja kama mtu aliyegonga kidole gizani anavyongoja. Haukufika.

Hicho ndicho kilichomtisha.

"Mwache, Fundi," alisema. "Hajasema uongo."

Akainuka, akamuaga Binti, akamuaga Shangazi kwa heshima zote, akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka.

Fundi alimfikia nusu ya njia, akihema, kofia mkononi. Walitembea bega kwa bega mpaka kwenye nyumba za wauguzi, jengo refu lililo nyuma ya hospitali, ambako Mama Kheri alikuwa na chumba kimoja na jiko lake ghorofani. Mchana ulikuwa mkali. Kwenye veranda sare nyeupe zilikuwa zimeanikwa kamba nzima, na wakapita kati yake wakizisogeza kwa mikono.

Ndani, Mama Kheri alimkaribisha kiti. Akajaza maji kwenye sufuria, akaiweka jikoni kwa ajili ya chai, akaketi kitandani. Chumba kilikuwa cha mtu nadhifu. Ukutani palikuwa na picha nyingi ndogo za watoto, za kubandikwa tu, zilizoletwa na mama zao kwa miaka. Fundi aliwahi kumwuliza majina yao, na siku hiyo alimtajia wote bila kukosea hata mmoja. Leo hakuziangalia.

Fundi alianza kwa kumwombea dada yake radhi. Mama Kheri akamwambia hakuna radhi ya kuombwa. Fundi akasema ameshafikiria: aache kazi. Aje dukani, ashone vifungo, apige soga na wateja, au asifanye kitu kabisa, akae mlangoni apigwe na upepo. Alizungumza haraka, akipanga maisha yao hewani kama anavyopanga vipande vya kitambaa mezani kabla ya kukata. Mama Kheri akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimeliwaza hilo kabla yako," alisema. "Nikiendelea na kazi ile, Fundi, mimi si mtu. Nikiiacha, mimi si kitu. Sasa niambie niende upande gani."

Fundi akasogeza kiti chake karibu na kitanda.

"Huwa inakuwaje?" aliuliza. "Nisaidie nielewe. Mtoto akilia, unasikiaje?"

Mama Kheri akafikiri. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Matroni aliuliza kama analala, daktari aliuliza kama anakula.

"Nasikia kama mlango umefungwa nyumba ya jirani. Najua umefungwa. Najua nani kaingia. Lakini si kwangu." Akatazama viganja vyake. "Zamani kila mmoja alikuwa anaingia kwangu. Hujui nilivyokuwa tajiri. Nilikuwa natembea mtaani watoto wananipungia mkono, hawanijui, mama zao ndio wanawaambia mpungieni. Nikawa nasema, hawa wote ni wangu. Sasa nawapita. Nawaona kama watoto wa watu. Na ni watoto wa watu, Fundi. Nimechelewa tu kujua."

Fundi aliinama, viwiko magotini. Futi haikuwa shingoni siku hiyo, na bila futi alionekana mzee zaidi. Alikuwa na swali ambalo alikuja nalo tangu kwake, na njia nzima alikuwa akilihamisha mkono huu kwenda mkono ule.

"Nikuulize jambo, Bibie, na usinifiche. Ule ubaridi uliokupata wodini. Umefika na kwangu?"

Nje, mtu aliita mtu kwa jina akajibiwa. Mama Kheri akamtazama. Aliutazama uso ule alioupenda, zile ndevu zilizochanganyika mvi, kovu dogo la pasi kwenye kidole gumba, macho yaliyokuwa yakimtazama bila kinga yoyote. Alijua kila kitu alichokuwa akikipenda hapo. Angeweza kukitaja kimoja kimoja, kama alivyotaja majina ya wale watoto ukutani. Akajaribu kushuka chini ya kujua, kule ambako zamani palikuwa na joto, akapapasa.

"Sijui," alisema.

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kuitikia, kidogo kidogo, kama mtu anayekubaliana na mazungumzo ambayo yamekwishapita.

"Ningeweza kukuambia hapana," Mama Kheri alisema. "Ungefurahi, tungefunga ndoa, na kila siku ungenitazama kama Binti alivyonitazama pale kitandani. Ungekuwa unangoja. Kukuambia sijui ndiyo heshima iliyobaki mkononi mwangu. Sina nyingine."

"Mimi nitakuchukua hivyo hivyo."

"Mkono mtupu haulambwi, Fundi."

"Kwani nilikuja kulamba mkono?"

Ulikuwa mzaha wa kweli, wa aina yao, na midomo ya Mama Kheri ikacheza kutafuta kicheko. Wote wawili wakakingoja. Kikasogea karibu mno, hata Fundi akanyanyuka kidogo kitini. Kisha kikapotea, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kutazama pembeni.

Fundi akaenda jikoni kuangalia chai, apate cha kufanya. Akashika ubavu wa sufuria. Maji yalikuwa baridi kama yalivyotoka bombani; jiko halikuwa limewashwa. Alisimama pale amempa mgongo, na Mama Kheri, kwa jinsi alivyokawia kugeuka, akajua kwamba analia.

"Mimi mtu akiniletea koti limechanika," alisema bila kugeuka, "hata liwe limeraruka vipi, naligeuza ndani nje, natazama bitana, naona pa kuanzia. Hata kama siliwezi, najua siliwezi wapi. Wewe nakugeuza, nakutazama, sioni pa kuanzia."

"Hata mimi sipaoni."

"Nifanye nini? Niambie tu nifanye nini. Chochote."

Mama Kheri alitafuta kwa dhati jambo la kumpa. Angemwambia amshike mkono, lakini aliogopa mkono utakavyokaa mkononi mwake, kama kitu kilichoazimwa. Angemwambia amngoje, lakini mpaka lini, na angoje nini. Mwisho akamwambia kitu pekee kilichokuwa kweli.

"Nenda nyumbani. Una mjukuu mchanga. Hizi siku hazirudi, Fundi, na wewe unaweza kuzifurahia. Nenda kazifurahie."

Alidhani atabisha. Fundi alikuwa mtu wa kubishana mpaka juu ya rangi ya uzi. Lakini alifuta uso kwa kiganja, akachukua kofia, akasimama mbele yake kidogo kana kwamba anampima kwa macho, akasema, "Haya, Bibie," akatoka. Alifunga mlango taratibu sana. Nyayo zake zikashuka ngazi.

Mama Kheri alibaki ameketi. Zamu yake ilikuwa inaanza jioni. Kule wodini walikuwa pungufu kama kawaida, na akikosa yeye hapakuwa na wa kumfidia. Alijiambia alale kidogo. Badala yake akainuka, akaenda dirishani.

Barabara ilikuwa tupu kwa jua. Ng'ambo, kwenye kituo cha basi, Fundi alikuwa amesimama chini ya kile kibanda cha bati, kofia kichwani, anatazama upande basi linakotokea. Mama Kheri akamtazama. Akangoja kifua kimwambie kitu. Alikumbuka vizuri ingekuwaje zamani: angeteremka ngazi mbili mbili, viatu asivae. Alitamani kutamani hivyo. Kilichomjia kilikuwa kidogo mno, kiasi cha kwamba alikaribia kukiacha kipite. Kilikuwa tu ile habari ambayo kila aliyeishi katika jengo lile aliijua, na ambayo mtu wa mbali huenda haijui. Asipomwambia, atasimama pale mpaka magharibi.

Akavaa viatu. Akashuka, akivuta mguu kwenye kila ngazi, akipita tena kati ya zile sare nyeupe. Akavuka barabara. Jua lilimpiga utosini mpaka akakunja uso.

"Fundi," alisema alipofika. "Leo Jumapili. Basi la njia hii halipiti."

"Najua," Fundi alijibu.

Hakumtazama. Alikuwa bado ameelekeza macho kule kule barabarani.  Mama Kheri akafikiri kurudi ndani, akakosa sababu ya kurudi. Kivuli cha kile kibanda kilikuwa chembamba, cha mtu mmoja na nusu. Fundi akasogea kumpa nafasi; na Mama Kheri, bila kujua kama ni moyo uliomsukuma au ni ukali wa jua tu, akaingia kivulini, akasimama kando yake.